Sikio la Kushoto

Waliodhani Nailantei angeachiwa kwa huruma, wafute mawazo hayo. Mkono wa Yohani mlinzi ulikuwa bado umembana kifundo cha mkono, na Yohani si mtu wa kulegeza mkono akishaahidiwa sahani ya pilau.

"Mwizi wangu ndiye huyo," Julius alirudia kule jukwaani, maiki mdomoni, ili hata wapishi nyuma ya ukumbi wasikie. "Nilimpa kazi, akaniibia gemu. Leo amekuja kuniibia na sherehe."

Makofi yakapigwa. Waliopiga ni wale waliolishwa maandazi tangu saa tatu asubuhi, na mtu aliyekula andazi la bure hapa Karatu hupiga makofi hata msibani.

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, habari ni hii. Julius ni yule wa duka la gemu karibu na stendi, mzaliwa wa Endabash, anayejiita Injinia. Uinjinia wenyewe ni kuagiza vigemu vya mkononi vikiwa vitupu, kuvijaza gemu mia nne za watu alizodesa mtandaoni bila ruhusa, kisha kuviuza vikiwa kwenye boksi jipya lenye picha yake. Ukimuuliza wenye gemu hizo ni kina nani, anakujibu kuwa mtandao hauna mwenyewe.

Nailantei, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Oloipiri, alimfanyia kazi miaka miwili. Muda wake wa chakula cha mchana alikuwa hali kitu, anatengeneza gemu yake: mchungaji anayerudisha ng'ombe bomani kabla simba hajatoka. Akaiita Ng'ombe wa Oloipiri. Julius akaiomba kadi ya memori "aionje kidogo", akairudisha baada ya siku mbili ikiwa imefutwa yote. Mwezi haujaisha, gemu ikatokea dukani na jina la kuokoteza, Mfalme wa Kreta, kreta ile wanayoiendea watalii, kazi ya Injinia Julius.

Na siku hii ndiyo ilikuwa siku ya kuiuza. Mbele kabisa alikaa Madam Penina wa Arusha, mnunuzi, alivyojitambulisha, wa bidhaa za maduka ya zawadi kwenye hoteli za watalii. Mezani kwake kulikuwa na karatasi moja. Atakayeiwekea sahihi ndiye mwenye gemu. Mwenzake atatoka na Yohani mpaka kituo cha polisi, na kabla hajafika huko jina la mwizi litakuwa limeshatangulia Oloipiri.

Penina hakupiga makofi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkoba mkubwa mapajani, uso wa mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

"Mwachie mkono," alimwambia Yohani. "Ukumbi una mlango mmoja, atakimbilia wapi? Njoo hapa, mwanangu. Unasema gemu ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Madam, tusipoteze muda," Julius alidakia. "Huyu alikuwa mfagiaji dukani kwangu."

"Nilikuwa nafagia kweli," alisema Nailantei, "maana wewe ukila karanga maganda yote ni chini. Nikimaliza kufagia nilikuwa nakufundisha kufungua faili."

Mtu mmoja wa nyuma alicheka, akakumbuka pilau, akanyamaza.

Nailantei alimtazama yule mtu juu ya jukwaa, suti ya kuazima, mikono ya koti imemfika kwenye vidole. Alikuwa anamdharau tangu wiki ya kwanza ya kazi. Alimdharau kwa maganda ya karanga, kwa kuwaita wateja "kastama wangu" halafu akiondoka mteja anamwita fala, na kwa kutojua hata kitufe cha kuwasha kigemu kiko upande gani mpaka aambiwe. Ni dharau hiyo hiyo iliyomponza sasa hivi.

"Mpe acheze," alimwambia Penina. "Mwenye gemu anaijua gemu yake. Mwambie afike hatua ya saba. Huyu hawezi kuvuka hata mto."

"Nicheze?" Julius akauliza.

"Ucheze," alisema Penina.

Julius akavuta mikono ya koti, akachukua kigemu, akaketi ukingoni mwa jukwaa. Nailantei akakunja mikono kifuani akisubiri kucheka.

Hakucheka. Yule kanjanja alivuka mto kwa pigo moja. Akampita simba wa kwanza, akampita wa pili, akawazungusha ng'ombe nyuma ya kichuguu ambacho Nailantei mwenyewe alikiweka kwa shida wiki nzima. Dakika nne, hatua ya saba, ng'ombe thelathini ndani ya boma. Kumbe mwezi mzima hakuwa na kazi nyingine. Hata mwizi huwa na bidii akitaka, na ndiyo inayoudhi.

Ukumbi ukapiga makofi ya kweli safari hii.

"Zamu yako," Penina alimwambia Nailantei.

Alikishika kigemu. Kifundo kilikuwa bado kinamuuma, lakini vidole vilikuwa vyake na gemu ilikuwa yake. Akaanza. Alijua kuwa baada ya mto njia inapinda kulia kuelekea bomani, akapinda kulia.

Kulikuwa na simba.

Akaanza upya. Akapinda kulia. Simba yule yule, ndama wawili wakaliwa, na ile sauti ya kushindwa ikalia ukumbi mzima. Mara ya tatu hakufika hata mtoni.

"Mwenye gemu anaijua gemu yake," Julius alisema kwa sauti ya upole, na upole wake ulikuwa wa kutapisha. "Si ndivyo ulivyosema, dada?"

Nailantei alihisi masikio yanamwaka moto. Aibu ilimpanda mpaka utosini. Gemu aliyoijua kama njia ya kisimani ilikuwa imemkana mbele za watu, naye hakujua kwa nini.

Julius hakumpa nafasi ya kuwaza. Alifungua kompyuta yake, akamwonyesha Penina faili lenye tarehe ya miaka mitatu nyuma, kabla Nailantei hajakanyaga Karatu.

"Hiyo tarehe ameibadilisha," Nailantei alisema. "Anarudisha saa ya kompyuta nyuma. Ndivyo anavyofanya mteja akirudi na waranti."

"Una ushahidi?" aliuliza Penina.

"Kadi yangu aliifuta."

"Kwa hiyo huna."

Penina alishusha pumzi, akaichukua ile karatasi, akaisogeza upande wa Julius. Yohani, aliyekuwa anasikia harufu ya pilau tangu muda, akasogea na kumshika Nailantei kifundo kile kile.

Hapo Julius akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelifanya. Alitaka picha.

Mnapaswa kujua kuwa mstari wa mbele alikuwa amewapanga wazee sita wa Kimaasai, mashuka mekundu, fimbo mkononi. Aliwakodi asubuhi ile ile mnadani ili uzinduzi upendeze. Hakuwauliza majina. Aliwaambia wakae, wanywe soda, na wasiongee, basi. Kwake walikuwa sawa na mapazia.

"Mpiga picha, njoo," aliita. "Mzee wa kwanza hapo, shika kigemu hiki. Kiinue kidogo. Tabasamu. Watalii wanapenda tabasamu."

Mzee aliyepewa kigemu aliitwa Moringe. Alikuwa mwembamba, meno ya mbele hayapo, na hakuwa mtu wa kutabasamu akiambiwa. Kwenye skrini kulikuwa na uso wa ng'ombe, kwa sababu gemu ikisimama humchukua ng'ombe mmoja ikakuonyesha uso wake mzima. Moringe akauangalia. Akakisogeza kigemu mbali na macho, halafu akakivuta karibu.

Mpiga picha akapiga. Julius akanyoosha mkono apewe kigemu chake. Moringe hakukitoa.

"Ero," alimwambia, kama mtu anavyomwita mtoto aliyekosea kufunga zizi, "ng'ombe huyu umemtoa wapi?"

"Ni wa gemu, mzee. Lete, asante."

"Nimekuuliza umemtoa wapi."

"Nimemchora mwenyewe."

"Ukimwangalia nani? Huyu ni wa kwangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa na soda. Moringe akasubiri wamalize, hakuwa na haraka nao.

"Sikio la kushoto limekatwa kwa chini, upana wa kidole," alisema. "Huo ni mkato wa boma letu. Hakuna boma jingine lenye mkato huo, toka Oloipiri mpaka Endulen. Sasa niambie, nani alikupa ng'ombe wangu?"

Kwa Julius, sikio ni sikio, kazi yake kufukuza nzi. Kwa mfugaji ni hati. Ng'ombe akipotea, akiibiwa, akifa njiani, watu husoma sikio kwanza na mambo mengine baadaye. Lakini Injinia wetu alikuwa hajui hilo, na asiyejua hukimbilia kusifia.

"Ni kweli, mzee wangu," alisema, akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Sikutaka kusema mbele za watu. Nilikuja bomani kwako, nikawaona hao ng'ombe, nikasema moyoni lazima nimpe mzee heshima yake."

"Ulikuja kwangu."

"Nilikuja."

"Lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa sita hivi."

Moringe aliiweka chupa ya soda sakafuni, taratibu, isianguke.

"Mwaka jana mwezi wa sita sikuwa na ng'ombe wa mkato huu hata mmoja," alisema. "Ukame uliwamaliza. Mia moja na kumi na wawili. Wa mwisho niliwavuta kwa kamba mimi mwenyewe, nikawaacha huko korongoni kwa fisi. Walio kwangu sasa ni wa kununua, wana masikio ya watu wengine. Wewe, ero, uliwaona wapi?"

Safari hii hakucheka mtu. Wazee watano waliobaki waligeuka kumtazama Julius, na macho yao hayakuwa ya mapazia.

"Labda ilikuwa mwaka juzi," alisema Julius.

"Labda."

"Au kabla ya hapo. Mimi natembea sana, mzee."

Nailantei alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa amekwama kwenye neno moja. Kushoto.

Hakuwahi kumchora ng'ombe wa sikio la kushoto. Asingethubutu. Babu yake na baba wa Moringe walikuwa ndugu wa tumbo moja, wakagombana kwa ajili ya dume moja la mahari, wakagawana mifugo kwa hasira. Mkubwa akakata sikio la kulia, mdogo akakata la kushoto, mkato ule ule. Tangu siku hiyo maboma hayo mawili hayajanywa maziwa ya kibuyu kimoja. Meitamei, baba yake Nailantei, akimkuta ng'ombe wa sikio la kushoto kwenye malisho yake humfukuza kwa mawe. Ng'ombe wote wa gemu walikuwa na mkato wa kulia, kwa sababu hao ndio ng'ombe wa kwao.

Basi mkato umehamaje?

Akamkumbuka simba. Njia iliyopaswa kupinda kulia na isipinde. Akaelewa, na alipoelewa alimdharau Julius kuliko alivyowahi kumdharau, na hapo si kidogo.

"Mama," alimwambia Penina, "una kioo kwenye mkoba?"

"Kioo cha nini?"

"Cha poda tu. Nipe dakika moja, halafu huyu mlinzi anipeleke anakotaka."

"Madam, ni mbinu hiyo," alisema Julius. "Anataka kuchelewesha."

Penina alifungua mkoba, akatoa kikopo cha poda chenye kioo, akampa. Yohani, bila kuambiwa, akaachia mkono.

Nailantei akamwendea Moringe. Kwanza aliinamisha kichwa mbele yake ili aguswe, salamu ya mtoto kwa mkubwa. Mzee akainua mkono.

"Wa nani wewe?"

"Wa Meitamei."

Mkono ukarudi chini. Kichwa cha Nailantei kikabaki kimeinama bila kuguswa, na watu wote wa kutoka Oloipiri waliokuwemo humo ukumbini waliona.

Alimeza ile dharau, kwa kuwa hakuwa na muda wa kuitafuna. Akafungua kioo, akakiweka mbele ya skrini.

"Mwangalie huyu ng'ombe humu kwenye kioo, baba. Usimwangalie kwenye gemu. Mkato uko wapi?"

Moringe akainama.

"Kulia," alisema.

"Na wachungaji? Kwenye gemu wanashika fimbo kwa mkono gani?"

"Kushoto wote." Mzee akakunja uso. "Wote wana mashoto?"

"Na humu kwenye kioo?"

"Kulia. Kama watu."

Nailantei akamgeukia Penina. Alikuwa amejawa na raha ya mtu anayemvua mwenzake nguo hadharani.

"Kuna watu wanapandisha filamu za wizi mtandaoni, mama. Wanazigeuza kwanza, kulia inakuwa kushoto, ili zisitambulike haraka. Injinia huyu aliwahi kuniambia ni ujanja mkubwa. Basi na gemu yangu ameigeuza hivyo hivyo, picha zote kwa mpigo, akabadilisha jina, akajua amemaliza. Ndiyo maana mimi nilimkuta simba pale palipokuwa na njia. Yeye hakuona tofauti, kwa sababu hajawahi kucheza ile ya kweli. Na hakuona masikio, kwa sababu hajawahi kumtazama ng'ombe usoni isipokuwa kwenye supu."

"Huo ni mtindo," alisema Julius. "Ni ubunifu. Wasanii wote duniani..."

"Kwa hiyo ulikwenda bomani kwa mzee," Penina alimkatiza, "ukawaona ng'ombe waliokwisha kufa, wakiwa wamegeuka."

Julius akaibana maiki kwapani. Maiki ikatoa mlio.

"Mzee," Penina akamuuliza Moringe, "huo mkato wa kulia ni wa nani?"

Hapa ukumbi mzima ulisubiri. Moringe angeweza kusema hajui. Angeweza kusema hao ng'ombe ni wake na kwisha, na nani Karatu angembishia? Nailantei alijua hivyo, akaomba Mungu kimoyomoyo.

"Ni wa Meitamei," alisema mzee, na akalitema jina hilo kama kokwa. "Mtu anayenijua anajua siwezi kulipendelea boma hilo hata kwa tumbaku. Baba wa huyu binti hafai, na babu yake alikuwa hafai zaidi. Lakini ng'ombe ni wao. Siwezi kumnyang'anya mtu sikio lake kwa ajili ya soda."

Akaketi, akaiokota chupa yake, akaendelea kunywa.

Wale wa maandazi wakapiga makofi tena, kwa nguvu ile ile, kama vile si wao waliompigia Julius nusu saa iliyopita. Hao ndio watu wetu, tutawafanyaje? Yohani akamfuta Nailantei vumbi begani na kumwita dada mkubwa. Mpiga picha akaanza kumpiga picha yeye.

Penina akaivuta karatasi kutoka kwa Julius.

"Nataka kuwa na uhakika," alimwambia Nailantei. "Gemu hii umeitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Peke yako? Hakuna aliyekusaidia, hakuna mahali ulipochukua?"

Nailantei aliona kitu cha ajabu. Julius, aliyekuwa anajitetea kwa mikono na miguu, alikuwa ameacha. Ametulia kabisa, amemkodolea macho, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na dalili ya kicheko.

Kuna jambo ambalo binti huyu hajamwambia mtu. Hata sisi alitunyima muda wote huu. Gemu yake haikuanza na karatasi tupu. Kati ya zile gemu mia nne za kudesa alizokuwa anazijaza kila siku kulikuwa na moja ya kigeni, ya mkulima wa kabichi. Aliifungua, akang'oa kabichi, akapanda ng'ombe. Akamtoa mkulima na kofia yake, akamweka mchungaji. Uzio akaufanya boma. Namna ya kutembea aliiacha kama ilivyo, na kisima alikiacha kama kilivyo, maana kisima ni kisima. Kwa miezi minane alijiambia kuwa nyama yote ni yake na mifupa haihesabiwi.

Na Julius alikuwa anajua. Alimwona akiifungua.

Angeweza kusema kweli. Lakini kusema kweli mbele ya Julius, baada ya kumvua nguo namna ile, ilikuwa ni kujivua na yeye wasimame pamoja, uchi na uchi. Hakuweza. Mtu aliyekuwa anamdharau kiasi kile asingemruhusu amwone hivyo.

"Hakuna," alisema. "Yote ni yangu."

"Basi weka sahihi."

Akaweka. Majina yake yote matatu, namba ya kitambulisho cha taifa, dole gumba kwenye wino. Aliandika kwa mwandiko wa shule, mzuri, herufi zimekaa kwenye mstari. Moyo wake ulikuwa unaimba.

Penina aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani. Mkono ulipotoka ulikuwa na kigemu kingine, kidogo, cha rangi ya bluu, cha dukani hasa. Akakiwasha na kukilaza mezani, kando ya kile alichokiacha Moringe hapo.

Mto ulikuwa ule ule. Kichuguu tu ndicho hakikuwepo. Uzio ulikuwa pale pale Nailantei alipoweka boma, na ndani yake, mstari kwa mstari, kulikuwa na kabichi.

"Angalia kisima," alisema Penina.

Nailantei aliangalia. Ukingoni mwa kisima kulikuwa na mawe matatu meupe, mawili pamoja na moja limejitenga. Alikuwa ameyaona mara elfu, akidhani ni mapambo.

"Hayo mawe ni alama yao," Penina akaendelea. "Waliotengeneza gemu hii huyaweka mahali fulani katika kila kazi yao. Kwako yapo pia, mawe matatu, ila huyu bwana ameyageuza."

Moringe alikuwa amenyanyuka tena. Alitazama kisima cha huku, akatazama kisima cha kule.

"Kumbe na hao wana mkato wao," alisema.

"Mimi sinunui zawadi za watalii, mwanangu," alisema Penina, na aliyasema hayo bila ukali, jambo lililomtisha Nailantei zaidi. "Ninafanya kazi ya wenye hiyo gemu ya kabichi. Miezi minne nimezunguka, Babati, Moshi, Arusha, Karatu. Kila duka ninaloingia najibiwa, si yangu, nimeletewa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kupigana ili aniandikie kwa mkono wake kuwa ni yake."

Nailantei akashika ukingo wa meza. Hasira ilimjaa, lakini safari hii haikumwendea Julius. Alijichukia yeye mwenyewe na ule mwandiko wake mzuri.

Julius alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Gemu ni ya huyu dada, Madam," alisema, akiteremka jukwaani upesi, suti inamvuka. "Ukumbi mzima umesikia. Mzee ametoa ushahidi. Mimi hapa ni muuzaji tu, sijui hata kuwasha. Injinia ni jina la utani."

"Wewe kaa," alisema Penina. "Dukani kwako kuna vigemu mia mbili, na kila kimoja kina gemu mia nne zisizo zako. Na hivyo pia nitavihitajia jina. Nani aliyevijaza?"

Julius hakufikiri hata sekunde. Alinyoosha kidole.

"Yeye. Vyote, kimoja kimoja, kwa miaka miwili, kwa mkono wake mwenyewe. Muulize."

Penina akamgeukia Nailantei, kalamu mkononi. "Ni kweli?"

Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Injinia Julius hakuwa amedanganya.